Skrubu ya golori ishikwe upande mmoja: beringi zake na uchongaji wa ncha

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina karakana ya milango hapa Mafinga, na nimejijengea mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) ya kuchonga nakshi kwenye mbao za paini. Fremu ni ya bomba la chuma la mraba. Mhimili mrefu unaendeshwa na skrubu ya golori ya 1605 (nati yake hutembea juu ya golori; kipenyo milimita 16, hatua milimita 5 kwa kila mzunguko), mita 1.2 kutoka beringi hadi beringi. Ncha zote mbili nimezikereza kufikia milimita 12, kila upande nimeweka beringi moja ya 6001 na nati ya kawaida ya M12. Nikichonga duara linatoka na vikato viwili vinavyotazamana, na mashine ikishafanya kazi kama saa moja mota inaanza kupoteza hatua, yaani inaamriwa kuzunguka inabaki nyuma. Jirani ananishauri ninunue skrubu ya milimita 20. Nimsikilize, au shida ni beringi? Na kama ni beringi, ncha zichongwe vipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kamwene.

Skrubu ya 20 usinunue kwanza. Nimeisoma barua yako mara mbili, na ninavyoona, ugonjwa wako ni mmoja ingawa una dalili mbili: skrubu yako haijashikwa mahali popote. Imeegemezwa huku, imeegemezwa kule, na kila upande unautegemea mwenzake umzuie. Asubuhi ikiwa ya baridi inacheza, na ikishapata joto inabanwa. Vikato vya kwenye duara na mota kupoteza hatua vinatoka kwenye kosa hilohilo.

Anza na vikato. Duara likichongwa, kila mhimili hugeuza mwendo mara mbili, na pale unapogeuza ndipo ulegevu wote hujionyesha. Vikato vyako ni viwili, si vinne, kwa hiyo mhimili mmoja ndio wenye kosa. Tazama vimekaa upande gani. Kama vipo kwenye ncha mbili za duara zinazofuata urefu wa meza, basi ni huo mhimili mrefu.

Kisha hakikisha ni beringi kweli kabla hujafungua kitu. Kwenye ncha ya skrubu iliyo mbali na mota kuna kile kishimo cha senta kilichoachwa na mashine ya kukereza. Pachika humo golori ndogo kwa grisi, gusisha geji ya mshale kwenye golori, washa mota ishike skrubu isizunguke, halafu sukuma daraja la mashine (sehemu inayosukumwa na skrubu) kwa mkono mbele na nyuma. Mshale ukitembea, skrubu nzima inasafiri ndani ya beringi zake. Mshale ukitulia lakini daraja linacheza, tatizo liko kwenye nati ya golori au kwenye kipande kinachoishikilia, na hapo maelezo yangu mengine hayatakusaidia. Kipimo hiki hakichukui hata dakika kumi, na nimeona watu wakibadilisha vitu vya gharama kubwa kwa kukiruka.

Nadhani mshale utatembea, na sababu yake ni hii. Beringi ya 6001 imetengenezwa kubeba mzigo wa kutoka pembeni, kama wa puli au gurudumu. Ndani yake golori zina nafasi ndogo sana ya kucheza juu na chini, maikroni chache tu, lakini kwa umbo la mfereji wake nafasi hiyo hugeuka kuwa kubwa zaidi ukiisukuma shafti kwa urefu. Nafasi ya milimita 0.01 ya juu na chini inaweza kukupa karibu milimita 0.1 ya kwenda mbele na nyuma. Beringi haijaharibika, imezaliwa hivyo. Wala haitavunjika: uwezo wake unazidi kilonyutoni 5, na kuchonga paini hakufiki karibu na hapo. Unachokosa ni ugumu wa kutosogea, ambao ni kitu tofauti na nguvu ya kubeba. Ndiyo maana beringi kubwa zaidi ya aina ileile haikusaidii.

Sasa kuhusu ile saa moja. Huenda umeshasema ni baridi ya Mafinga, maana asubuhi za Juni na Julai huko hata mikono haishiki spana vizuri. Lakini fremu yako nayo ni chuma; hewa ikipoa na kupata joto, fremu na skrubu hunywea na kutanuka pamoja. Kinachokuumiza ni tofauti ya joto kati yao. Skrubu nyembamba inapashwa na msuguano wa nati na joto la mota, na fremu nzito inabaki nyuma. Chuma hutanuka takriban milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila digrii. Kwa skrubu yako ya mita 1.2, tofauti ya digrii 10 ni milimita 0.14. Ile nafasi ya kucheza ya asubuhi inamezwa yote, kisha skrubu inaanza kusukuma kuta za beringi kwa nje pande zote mbili. Nimekupigia hesabu: kama kuta hazipindi kabisa, kila milimita 0.01 inayobanwa baada ya hapo huongeza nyutoni kama 230, yaani sawa na kutundika kilo 23. Fremu yako itapinda kidogo na kupunguza, lakini mota ya stepa haihitaji mengi ili ipoteze hatua.

Kwa hiyo kanuni ya mashine ya ukubwa wako ni hii: upande wa mota ushikwe kabisa, usisogee mbele wala nyuma. Upande wa pili ushikiliwe usiyumbe, lakini uachwe uteleze kwa urefu. Skrubu ikitanuka, inatanukia upande ulio huru, na hakuna anayeumia.

Kuna mpangilio wa kushika pande zote mbili na kuivuta skrubu kabla ya kazi, ili joto lipunguze mvuto badala ya kuleta msukumo. Hufanyika kwenye mashine za chuma zenye fremu nzito ya kusubu. Kwenye bomba la mraba sikushauri. Utakuwa unavuta fremu yako ipinde.

Mpangilio huu ndio pia unaojibu ushauri wa jirani. Skrubu ndefu ikizungushwa kasi hufika mahali inaanza kupiga kama kamba ya kuruka, na kasi hiyo inategemea unene wa kiini chake, urefu, na jinsi ncha zilivyoshikwa. Kiini cha 1605, yaani chini ya mfereji, ni kama milimita 13. Kwa urefu wako, ncha zote zikiwa zimeegemezwa tu kama sasa, kikomo salama ni karibu mizunguko 880 kwa dakika. Ukishika ncha moja sawasawa na kuegemeza nyingine, kikomo kinapanda hadi karibu 1,360. Kwa hatua ya milimita 5, hiyo ni kutoka mita 4.4 hadi mita 6.8 kwa dakika, skrubu ni ileile. Ukiacha ncha ya pili ikining'inia bila beringi, kama nilivyowahi kuona mahali, unabaki na mizunguko 300 tu. Skrubu ya 20 ingekupa kikomo kikubwa zaidi, ni kweli, lakini uzito wake wa kuzungushwa ni karibu mara mbili na nusu ya wa 16, na kila mota inapogeuza mwendo inapambana na uzito huo. Mota inayopoteza hatua haitakushukuru. Na ungeifunga kwa beringi zilezile, vikato viwili vingebaki palepale.

Sasa beringi za upande unaoshikwa. Unahitaji mbili zinazotazamana kinyume, moja ikizuia mwendo wa mbele na nyingine wa nyuma, zikiwa zimebanwa pamoja hadi golori zote ziguse pande zote bila nafasi. Zinazofaa ni beringi za pembe, ambazo mfereji wake una ukingo mrefu upande mmoja ili golori ipokee msukumo wa urefu kwa mshazari. Kwa shafti ya milimita 12 namba yake ni 7001: shimo 12, kipenyo cha nje 28, upana 8. Kadiri pembe ya mguso inavyokuwa kubwa ndivyo skrubu inavyoshikwa kwa ugumu zaidi. Za kawaida zina digrii 15 hadi 40. Zipo za digrii 60 zilizotengenezwa mahususi kwa skrubu za golori, ila hizo ni za mashine zinazokata chuma kwa siku nzima, na kwa milango ya paini ni pesa ya bure.

Zikae vipi, mgongo kwa mgongo au uso kwa uso? Mgongo ni upande wa pete ya nje wenye ule ukingo mrefu, uso ni upande wa pili. Kwa spindo ya kukatia ningekwambia mgongo kwa mgongo, kwa sababu hupinga shafti isiiname. Kwa skrubu yako nataka uso kwa uso. Fremu ya kuchomelea haiwi na mstari ulionyooka kabisa kati ya nati na beringi, na mpangilio wa uso kwa uso huivumilia skrubu ikiinama kidogo bila kuzichosha golori. Ndiyo maana vizimba vingi vilivyo tayari hupangwa hivyo.

Na hapo ndipo ninapokushauri ununue kizimba tayari. Kwa skrubu ya 16, kinachouzwa sana ni BK12 kwa upande unaoshikwa na BF12 kwa upande unaoteleza. BK12 nzuri ina 7001 mbili, pete za kati, sili za kuzuia vumbi na nati yake ya M12 ya hatua ya milimita 1. BF12 ina beringi moja ya 6000 yenye shimo la milimita 10 na klipu yake. Lakini kabla hujailipia BK12, omba ufunguliwe kifuniko usome namba ya beringi. Zipo za bei ya chini ambazo ndani yake wameweka beringi za kawaida, na hapo utakuwa umenunua tatizo lako la sasa likiwa kwenye boksi jipya. Ukiona namba inaanza na 7, rudisha kifuniko na usibomoe zaidi.

Kama huwezi kuipata haraka, ipo njia ninayoiamini, na maduka mengi ya beringi huwa na vifaa vyake. Chukua beringi mbili za msukumo, zile bapa za 51101, weka moja kila upande wa bamba nene la chuma, na 6001 katikati ya bamba kushikilia shafti isiyumbe. Nati ikizibana, skrubu haina pa kwenda. Inahitaji uso wa bamba uwe mraba kabisa (digrii 90) na shimo, na grisi uiongeze mara kwa mara kwa sababu beringi hizo ziko wazi kwa unga wa mbao. Watu wengine hupenda beringi za koni kama za magurudumu. Ni imara sana, lakini ndogo zinazopatikana kirahisi zina shimo la milimita 15, na skrubu ya 16 haiwezi kuchongwa 15 ikabaki na bega la kuegemea.

Bega, yaani kidato pale mwili mnene wa skrubu unapoishia na shingo nyembamba iliyokerezwa inapoanza, ndilo jambo nililotaka kufika, maana beringi nzuri kwenye ncha mbaya ni kazi bure. Nguvu yote ya daraja inapita kwenye bega hilo. Inatoka kwenye nati ya golori, inafuata skrubu, inafika begani, inaingia pete ya kati, pete ya ndani ya beringi ya kwanza, ya pili, pete nyingine, kisha nati ya kufungia. Mnyororo huo ubanwe kama kitu kimoja, na usiguse chochote kingine. Pete za nje zina mnyororo wao ndani ya kizimba. Ukichora njia hizo mbili kwenye karatasi kabla ya kukata, utaona makosa mengi yakijitokeza yenyewe.

Kwenye 1605 bega si zuri kama linavyoonekana kwa mbali, kwa sababu mfereji wa golori unalikata. Ulipo mfereji limebaki nusu milimita tu juu ya shingo ya 12. Palipo na mwili mzima linakaribia milimita 2. Pete ya ndani ya beringi ikiegemea hapo moja kwa moja inakaa upande. Ndiyo kazi ya ile pete ya kati: inakusanya bega lililokatika na kuipa beringi uso mzima. Usiitupe. Ukilazimika kuchonga nyingine, toa nyuso zake ziwe sambamba kabisa, na umalizie kwa kuisugua juu ya msasa laini uliotandazwa kwenye kioo.

Kona kati ya shingo na bega ilinigharimu wiki mbili wakati fulani. Nilimkerezea mteja shafti, kila kipimo kikawa sahihi, lakini tipu (ncha ya kukatia) niliyotumia ilikuwa na pua ya mviringo ya milimita 0.8. Beringi za ukubwa huu zina ukingo wa mviringo wa milimita 0.3 tu, kwa hiyo ikawa inapanda juu ya mviringo wa kona, haijafika begani. Kwa mkono ilionekana imekaa. Kila nati ikikazwa ilisogea kidogo upande, na mashine ikawa na myumbo ambao sikuuona unakotoka hadi nilipopaka wino wa bluu begani na kuona haujaguswa. Tangu siku hiyo nakata mfereji mdogo wa nafuu kwenye kona, mwembamba na usio na kina kirefu, na sina wasiwasi tena.

Shingo yenyewe iwe kati ya milimita 11.989 na 12.000. Beringi iingie kwa kusukumwa na mkono, bila nyundo na bila kulegea. Ukishapiga nyundo beringi ya skrubu, golori zimeshaacha alama kwenye mfereji. Urefu wa shingo uwe mfupi kidogo kuliko jumla ya beringi na pete, karibu nusu milimita, ili nati ibane pete na isiishie kwenye mwisho wa nyuzi ukadhani imekaza. Kosa hili nalikuta mara nyingi kuliko mengine yote.

Nyuzi ziwe M12 za hatua ya milimita 1, zikatwe skrubu ikiwa bado haijatolewa kwenye chaki ya mashine ya kukereza baada ya shingo, ili vyote viwe na senta moja. Nati uliyoweka wewe ina hatua ya 1.75 na uso wake haujanyooka na nyuzi; unapoikaza inapinda beringi. Nati ya kufungia ina skrubu ndogo ya pembeni ya kuizuia isirudi. Weka kipande kidogo cha shaba chini ya skrubu hiyo, isije ikaziuma nyuzi. Baada ya nyuzi inabaki ncha ya milimita 10 ya kaplingi, kiungo cha skrubu na mota. Acha nafasi ya milimita moja au mbili kati yake na shafti ya mota, kwa sababu mota haikutengenezwa kupokea msukumo.

Upande unaoteleza ni rahisi: shingo ya milimita 10, kati ya 9.991 na 10.000, na mfereji wa klipu wenye kipenyo cha 9.6 na upana wa 1.1. Klipu inashika pete ya ndani. Pete ya nje iteleze ndani ya kizimba kwa kidole. Ikikwama hapo, umerudi kwenye kubanwa kwa joto.

Nani achonge? Ukinunua skrubu mpya, agiza ikiwa imeshachongwa kwa BK12 na BF12, kwa urefu wako. Wauzaji wengi hufanya hivyo, na gharama ya ziada ni ndogo kuliko tipu utakazovunja. Skrubu hizi zimefanywa ngumu juu hadi karibu HRC 60 (kipimo cha ugumu wa chuma), na mfereji unafanya tipu igonge kila mzunguko. Ukichonga huku kwetu, tumia tipu ya CBN (ngumu karibu kama almasi) au kabaidi ngumu, na kata la kwanza liingie chini ya ngozi ngumu kwa mkupuo mmoja, kwani ukiigusagusa juu utamaliza boksi. Moto wa gesi usiukaribishe. Utailainisha skrubu mbali kuliko unavyodhani. Nati ya golori itoe kwanza kwa kuihamishia kwenye mrija wake bila golori kudondoka, na funika mfereji uliobaki kwa tepu, maana unga wa jiwe la kusagia ukiingia humo hautoki.

Skrubu uliyonayo huenda ikaokolewa kama una sentimita 8 hivi za ziada: kata ncha ya mota, uchonge upya. Zile nyuzi za 1.75 hazibadiliki kuwa za 1. Kama milango ya wateja inakusubiri, lipo la kufanya leo hii. Upande wa mbali na mota, toa ukuta unaozuia 6001 kwa nje, iteleze. Upande wa mota, weka 6001 mbili na pete mbili kati yake, moja ikitenganisha pete za nje na nyingine pete za ndani, na hii ya ndani iwe fupi kidogo kuliko ya nje, kiasi cha kumeza ile nafasi ya kucheza. Nati ikikaza, pete za ndani zinasogeleana na nafasi inakwisha. Si ya kudumu, lakini duara litakuwa duara.

Wakati wa kufunga, usikaze vizimba kwenye fremu kwanza. Vilegeze, peleka daraja hadi karibu na BK12, kaza BK12. Lipeleke hadi mwisho wa pili, kaza BF12. Rudi, zungusha skrubu kwa mkono njia nzima. Mahali panapokuwa pazito, weka shimu (kipande chembamba cha bati) chini ya kizimba. Kisha rudisha golori na geji kwenye kishimo cha senta, usukume daraja kama mwanzo. Pima ikiwa baridi, na upime tena baada ya saa moja ya kazi. Ukisoma zaidi ya milimita 0.02, kabla ya kulaumu beringi toa pete ya kati uiangalie: ikiwa na alama ya kusuguliwa upande mmoja tu, bega halijakaa mraba, na skrubu irudi kwenye chaki.